Tippu Tip alivyonipa 4 kati ya 15, na nilivyomrudia upya

Kila mwaka semista ya pili ikianza nawaona wadogo zetu wanahangaika na kitabu kile kile cha Tippu Tip, wanaulizana nani ana desa, yaani muhtasari wa kukariri, na mi nilikuwa hivyo hivyo na desa ndo lilinitumbukiza, kwa hiyo ngoja niandike nilivyopita humo labda mmoja wenu ataokoka.

Mwaka wa pili kwenye kozi yetu ya nathari tuligawiwa tawasifu. Kila grupu na yake. Wengine walipata vitabu vya juzijuzi, Kiswahili laini, unasoma huku unakula chipsi. Sisi tukaangukiwa na Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe. Nikasema afadhali, ni cha Kiswahili, hakina unene wa kutisha na nusu yake yenyewe ni Kiingereza maana kila ukurasa wa Kiswahili una tafsiri yake pembeni, mbona jioni mbili tu namaliza. Jioni mbili! Kilinila wiki tatu, na hizo ni za mara ya pili, baada ya kufanya vibaya ya kwanza.

Kwa asiyemjua, huyu ni yule mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu wa Unguja aliyekwenda mpaka ndani kabisa Kongo, na watumwa pia, hilo nitalifikia. Alifariki Unguja 1905. Mwishoni mwishoni mwa maisha yake Mjerumani mmoja aliyekuwa Unguja, Brode, alimwomba aandike habari zake, akaandika mwenyewe kwa mkono wake kwa herufi za Kiarabu lakini lugha Kiswahili, ikachapwa Berlin 1902 na 1903. Baadaye Whiteley akatafsiri kwa Kiingereza, ndo hiyo tuliyopewa sisi. Maktaba nakala ilikuwa moja na hairuhusiwi kutoka nje, kwa hiyo tukachanga tukapeleka steshenari. Bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, lilikuwa halijaingia, mi nilikopa elfu saba kwa rumeti. Na yule kijana wa mashine alikuwa na haraka zake akaweka kitabu upande upande, mistari ya mkono wa kulia ikakatika herufi mbili tatu kila ukurasa mpaka katikati ya kitabu. Hakuna aliyekagua. Kagueni kopi zenu palepale dukani jamani, kabla hujatoa hela, kwa sababu kitabu cha lugha ngeni ukikiongezea na herufi zilizokatika unakuwa unasoma mafumbo.

Nikaanza. Mwanzoni kabisa anasema alianza safari za karibu akiwa na miaka thenashara, anafanya biashara ya sandarusi. Sandarusi sijui, thenashara sijui. Nikajua tu ni namba, nikabahatisha ishirini, maana nani anaanza biashara chini ya hapo, nikaendelea. Thenashara ni kumi na mbili! Yaani alikuwa mtoto wa darasa la sita, na mimi kichwani nimeshamfanya jamaa mzima mwenye ndevu, na umri wake wote ulionifuata baada ya hapo ukawa umeharibika. Sandarusi ni gundi ya miti inayochimbwa, walikuwa wanaiuza nje inatengenezewa vanishi. Haya niliyajua wiki mbili baadaye.

Kilichonichosha zaidi si maneno. Ni kwamba jamaa haongei na wewe. Nilizoea tawasifu mtu anakueleza alivyolia, alivyompenda mama yake, alivyoona aibu shuleni. Huyu hana hayo. Anakopa mali kwa tajiri, anafunga mizigo, anaondoka, anafika kwa mtemi fulani, wanaelewana au wanapigana, anapata pembe, anarudi, anakopa tena kubwa zaidi. Tarehe karibu hakuna. Majina ni bin fulani bin fulani mpaka unachanganya baba na mwana na mjomba. Ukurasa wa ishirini hivi nikalala na kitabu usoni, kesho yake nikahamia upande wa Kiingereza, keshokutwa nikaacha vyote nikachukua desa la kaka mmoja wa mwaka wa tatu, kurasa tatu, lina vichwa vizuri tu "dhamira", "wahusika", "mandhari". Nikakariri.

Siku ya prezentesheni nikapewa sehemu ya dhamira. Nikasimama nimevaa vizuri, nikasema dhamira mojawapo ni rushwa, kwamba mwandishi anatuonyesha jinsi rushwa ilivyoota mizizi Afrika Mashariki tangu zamani kwani kila alikopita alikuwa anatoa hongo kwa watemi ili wampitishe. Nikaunganisha na hali ya sasa, nikamtaja mpaka trafiki wa barabarani. Watu wakapiga makofi. Dokta, mwalimu wetu wa kozi, akaninyamazia kidogo, akauliza, "Hongo wakati ule ilikuwa nini?" Nikasema rushwa. Akasema, "Kaa."

Hongo ilikuwa ushuru wa njia. Mtemi mwenye nchi anakutoza nguo au shanga ndipo upite na msafara wako, hadharani, na ukikataa ni vita. Ni kama kibali cha mpakani sasa hivi. Neno likabaki, maana ikahama. Na mimi nilikuwa na neno hilo tangu utotoni, sikuwa na sababu ya kulifungulia kamusi, ndo hapo nilipoelewa kwamba thenashara haikuwa adui yangu maana ile ningeuliza siku moja, adui alikuwa hongo. Wapo wengi wa namna hiyo humo na kwenye makala za misafara tulizopewa pamoja nacho. Mwenzangu alisoma kwamba msafara ulibeba merikani akatuuliza kwa dhati kabisa Wamarekani walibebwa vipi na wapagazi, hahaha, kumbe ni kitambaa cha pamba kilichokuwa kinatoka Marekani. Wanyampara ni wakuu wa vikosi vya wapagazi, sisi tunawajua nyapara wa jela tu.

Tulipata 4 kati ya 15, grupu zima, kwa sababu yangu kwa sehemu kubwa. Wenzangu hawakunisema lakini kwenye grupu la WhatsApp kulikuwa kimya siku mbili, na kimya kile nakikumbuka kuliko hata ile "kaa". Kulikuwa na insha ya mtu mmoja mmoja imebaki, alama 25, wiki tatu mbele. Nikipata za ovyo tena naingia UE, mtihani wa mwisho, na kosiweki, yaani alama za darasani, ya sapu, ya kurudia mtihani.

Aliyeniokoa ni dada mmoja wa Unguja tuliyekuwa naye hosteli, wala hasomi Kiswahili, anasoma uhasibu. Nilikuwa kimbweta, zile meza za nje za kusomea, nimekodoa macho, akakaa, akavuta kopi yangu akaanza kusoma kwa sauti tu kujifurahisha. Akasoma nusu ukurasa bila kukwama. Zile "nalikwenda" na "akanambia" na "hatta tukafika" zilizokuwa zinanikwaza kila mstari, kwake zilikuwa zinateleza. Akacheka akasema, "Mbona huyu anazungumza kama babu yangu? Wewe unamsoma kama gazeti ndo maana humwelewi. Huyu mzee kakaa barazani anakuhadithia, na kahawa yake." Nikamwambia rudia. Akarudia, na mara ya pili nikasikia kitu ambacho macho hayakukiona, kwamba vile vitenzi vya -ka- vinavyofuatana, tukenda, tukafika, nikamwambia, akakataa, tukapigana, si uvivu wa kuandika, ni mwendo. Anatembea. Kitabu kizima kinakwenda kwa miguu.

Kuanzia hapo sikukisoma tena kimya. Kurasa kumi kila siku kwa sauti, saa kumi na moja asubuhi kabla watu hawajaamka maana mchana unaonekana umechanganyikiwa. Tafsiri ya Kiingereza nilijiwekea sheria, sigusi mpaka nimemaliza ukurasa wa Kiswahili na nimeshaandika kwa maneno yangu kilichotokea, hata kama nimekosea. Ukianza na Kiingereza kinakupa hadithi kavu iliyopigwa pasi halafu ukirudi kwenye Kiswahili husomi tena, unahakiki tu.

Nikachukua pia kaunta buku, nikagawa kurasa tatu tatu, watu, mahali, mali. Hii ya mali ilikuja kwa bahati, nilitaka tu kujua anazungumzia hela gani, riale au nini, lakini ndo iliyokuja kuniandikia insha. Ramani nikachora kwa penseli nyuma ya kalenda ya ukutani, pwani mpaka Unyanyembe ambayo ndo Tabora, kwenda ziwani Ujiji, kuvuka, Kasongo, Nyangwe, mpaka maporomoko yaliyoitwa Stanley Falls ambapo leo ni Kisangani. Kwa upande wa tarehe ujanja ni kuwatafuta Wazungu, wale wasafiri. Yeye hasemi mwaka lakini wale walikuwa wanaandika shajara kila jioni, kwa hiyo akikutana na Livingstone unajua ni 1867, akimsaidia Cameron ni 1874, akiondoka na Stanley kushuka mto ni 1876, akikubali kuwa liwali, yaani gavana, wa mfalme Leopold wa Ubelgiji kule Stanley Falls ni 1887. Piga misumari hiyo minne ukutani halafu mengine ning'iniza katikati. Na usidhani wakikutana na Stanley hadithi ni moja, kila mmoja ana lawama zake kuhusu ahadi na malipo, na nilifurahi sana kusoma Stanley akilaumiwa kwa Kiswahili.

Mahali palipoamsha ubishi mkubwa semina ni pale Utetela, huko Kongo. Anaeleza alivyofika kwa mtemi mzee Kasongo Rushie akajitambulisha kama ndugu wa damu, kwamba bibi yake alikuwa wa ukoo ule, mwanamke aliyetekwa zamani akachukuliwa mbali, na mzee akamwamini akamwachia utemi. Sasa undugu huo ulikuwepo au aliutunga? Nusu ya darasa ikasema jamaa tapeli, nusu ikasema akili ya biashara. Mi nilikuwa nawaza jingine, kwamba ukishamwona mtu anavyojua kusimulia ukoo ukamfaa, unarudi kurasa zote za nyuma unazisoma upya kwa jicho la pembeni. Hata jina lake anatueleza lilitokana na mlio wa bunduki zake, na wapo waliosema ni kwa sababu ya macho yake yalivyokuwa yanapepesa. Yeye kachagua bunduki. Nani asingechagua bunduki?

Basi tufike kwenye ile kurasa ya mali.

Katika safari yake ya miaka ya 1860 alipigana na Nsama, mtemi wa Itabwa aliyekuwa anaogopwa na kila msafara, akamshinda, na katika vitu alivyovikuta kwenye boma lake ni pembe karibu frasila elfu mbili. Anaitaja hiyo idadi kama mtu anavyosoma risiti. Mimi nikaiandika kwenye kaunta buku chini ya mali, na kwa vile sikujua frasila nikaangalia, ni kama kilo 16. Nikatoa simu nikapiga hesabu. Tani 32. Nikakaa. Hakukuwa na gari, hakukuwa na reli, punda wanakufa kwa mbung'o. Mpagazi mmoja anabeba kama frasila mbili, kilo thelathini na kitu, begani au kichwani. Elfu mbili gawa kwa mbili ni watu elfu moja. Watu elfu moja ili mstari mmoja wa kitabu ufike pwani.

Na kwenye ukurasa wangu wa watu, nilikuwa na majina kama sitini hivi, matajiri, ndugu zake, watemi, Wazungu, wanyampara kadhaa. Katika hao elfu sikuwa na hata mmoja. Wapo waliokuwa wapagazi wa ujira, Wanyamwezi wengi walikuwa wanaifanya ile kama kazi na wanaijua thamani yao, na wapo waliotekwa wakatwishwa. Yeye mwenyewe watumwa anawataja bila kupepesa, kama anavyotaja nguo na baruti. Nilimkasirikia. Nilikasirika mpaka siku mbili sikufungua kitabu, na hili nawaambieni mapema kwa sababu hakuna aliyeniambia, ukifika hapo kisome mchana na watu karibu, usijifungie nacho usiku.

Mi kwetu ni Ujiji. Sisi ni Wamanyema, na Manyema ni ng'ambo ya ziwa, Kongo, ndiyo hiyo nchi anayoizungumzia sana humo kitabuni. Nyumbani tangu tukiwa wadogo tuliambiwa bibi yake bibi "alikuja na pembe". Hivyo tu. Alikuja na pembe. Nasi tulikuwa tunaisema kwa maringo kabisa shuleni, kwamba wenzetu mababu zao walikuwa wanalima, wetu walikuwa wafanyabiashara wa pembe za ndovu. Nilikuwa nimekaa pale kimbweta na simu mkononi ina jibu la 1000 bado kwenye kikokotoo ndipo nikaisikia ile sentensi vizuri kwa mara ya kwanza.

Nikampigia bibi. Shikamoo, marahaba mjukuu wangu, umekula, za masomo, tukazunguka weee ndipo nikamuuliza, bibi, yule bibi yako alikuja na pembe vipi? Akanyamaza kidogo. Akasema, "Kichwani. Vipi kwingine?" Kama vile nimeuliza maji yanachotwa na nini. Akasema alikuwa msichana mdogo, alikuwa na kovu hapa utosini nywele hazioti, na alikuwa hapendi mtu yeyote amtwishe ndoo, anatwaa mwenyewe anajitwisha mwenyewe hata akiwa mzee. Hayo tu ndo anayoyajua, na alipewa na mama yake jikoni. Sina hakika kabisa kama ulikuwa msafara wa Tippu Tip, wafanyabiashara walikuwa wengi kule na mimi siwezi kumbambikia mtu. Lakini njia ni ile ile niliyoichora nyuma ya kalenda.

Bibi akaniuliza kwani kitabu kinasemaje. Nikamwambia kinataja frasila. Akasema aah, halafu akaniambia nikate simu vocha yangu itaisha.

Insha niliiandika kwa siku nne. Sikuandika dhamira, wahusika, mandhari. Nilichukua ule mstari wa frasila nikauliza nani amebeba, nikafuata swali hilo kitabu kizima, wapi wapagazi wanaonekana, wapi wanapotea, wapi wanageuka kuwa idadi, na kwamba mtu akiandika maisha yake akiwa mzee ndani ya nyumba yake Shangani, Unguja, kwa kuombwa na Mzungu, anajua nani atamsoma, na si msichana wa kubeba. Nikaweka na cha bibi, aya moja. Niliogopa, nikadhani nitaambiwa hiyo si data. Hapo kuna kosa nililifanya la uzembe, sikuandika tarehe niliyoongea naye wala jinsi anavyohusiana na yule marehemu, dokta akakata alama mbili, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba simulizi ya mdomo ni chanzo kama vyanzo vingine, nacho kina taratibu zake. Kwa hiyo ukimpigia mzee wako, andika siku, andika ni nani kwako, alisikia kwa nani, na muombe ruhusa. Mi ruhusa niliomba baadaye, bibi akanishangaa, "Kwani ni siri?"

Nikapata 19 kati ya 25. Ukijumlisha na ile 4 haikuwa kosiweki ya kujivunia, ila sapu sikuiona.

Kwa hasira zangu zote siwezi kusema ni kitabu kibaya. Ni Kiswahili kitamu sana ukishazoea sikio, kuna mahali anabishana na mtu anakufanya ucheke peke yako, na nilijishika mara kadhaa nikimshangilia kwenye mapigano kabla sijakumbuka namshangilia nani. Hilo ndo lilikuwa gumu kuliko thenashara zote, na kwenye insha sikuliandika, niliona aibu. Ningekuwa naandika leo ningeanza nalo.

Mwaka jana likizo nilipita Unguja nikaenda Shangani kuiona nyumba yake. Ipo, mlango wa kuchonga mkubwa ajabu, ndani wanaishi familia za watu na nguo zimeanikwa. Sikuingia. Mtoto mmoja alikuwa anatoka na ndoo ya maji kichwani, nikampisha.

Kopi yangu ile iliyokatwa herufi iko kwa mdogo mmoja wa mwaka wa pili. Nimeshazijaza herufi kwa penseli karibu zote, na pembeni ya hongo nimeandika matusi kidogo, mnisamehe. Anayeihitaji akimaliza huyo amfuate, ila asome kwa sauti.